Telefone Nyumbani, Mungu Moyoni: Mwongozo Kamili kwa Familia za Bukavu

Hapa Bukavu huwezi kumwambia mtu atupe telefone. Ndiyo inayoleta pesa ya ndugu aliye Kindu au Brussels. Ndiyo inayotuambia kama barabara ya Uvira inapitika. Ndiyo inayompa mama nafasi ya kusikia sauti ya mtoto aliyekimbilia Burundi. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari na zamu ikafika kwetu Februari, wengi walilala na telefone kifuani wakisubiri habari za watu wao. Kwa hiyo mwongozo huu haukuombi uishi bila telefone. Unakuonyesha namna ya kubaki nayo bila kuiachia roho yako.

Ninaandika kama Mkristo Mkatoliki, kwa familia ninazosali nazo. Ninaamini kwamba hatari ya kiroho ya mtandao haianzi kwenye dhambi kubwa. Inaanza pale moyo unapozoea kuukimbia ukimya. Mtu asiyeweza kukaa dakika tano bila kugusa kioo hawezi kusali, na asiyesali hana kinga mbele ya uvumi, picha chafu, pari (kamari ya mpira) na manabii wa uongo. Ndiyo sababu, baada ya kupima matumizi yetu, nitaanza na usiku na asubuhi, ingawa wahubiri wengi huanza na picha za uchi.

Kabla ya hatua zote: pepo hayuko kwenye antena

Katika vyumba vingi vya sala mjini mwetu inahubiriwa kwamba 666, namba ya mnyama, imefichwa ndani ya kadi ya SIM, au kwamba antena mpya zinaita mashetani. Mafundisho haya yanadhuru mara mbili. Yanamtia hofu mama mzee asiye na kosa, na yanampa kijana kisingizio: kama shetani yuko kwenye antena, basi mkono wangu hauna hatia. Sura ya 13 ya Ufunuo inaongea juu ya watu wanaomsujudia mnyama. Kusujudu ni tendo la moyo, na hakuna anayesujudu kwa kununua inite za kupigia simu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivihesabu vyombo vya mawasiliano miongoni mwa uvumbuzi wa ajabu ambao akili ya mwanadamu imeupata kwa msaada wa Mungu, kisha ukaonya kwamba vinaweza kutumiwa kinyume cha mpango wake. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya video alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Aliipenda kompyuta, na akaiwekea mpaka.

Hatua ya kwanza: pima wiki moja bila kubadili kitu

Fungua Paramètres (mipangilio), shuka mpaka Bien-être numérique et contrôle parental, ukurasa unaopima matumizi ya telefone. Telefone nyingi za Android, hata zile za bei ya chini za Tecno na Itel, zina ukurasa huo. Utaonyeshwa saa ulizotumia kwa siku, mara ulizofungua kioo, na programu iliyokula muda kuliko nyingine. Chukua daftari, uandike kila jioni. Kama telefone yako haina ukurasa huo, chora mstari kila unapoishika bila kazi maalumu. Wiki hii usijirekebishe, maana ukianza kujirekebisha hutaujua ukweli.

Pembeni ya hesabu hizo jibu maswali matatu. Nilishika nini kwanza nilipoamka? Nilishika nini mwisho kabla ya kulala? Na leo, nilipokuwa na huzuni, hasira au uchovu, nilikimbilia wapi?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa uvivu wa kiroho anayemjia mmonaki saa za mchana. Jua linaonekana limesimama, kazi inachosha, na mmonaki anaanza kuchungulia dirishani kuona kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Hakuna kitu kibaya dirishani. Ubaya ni kwamba anakimbia mahali ambapo Mungu amemweka. Watu waliotengeneza programu zetu wanaijua hamu hiyo na wanaishi kwayo: ukurasa hauna mwisho, video inajiwasha baada ya video, kengele inalia ili urudi. Kila unaporudi wanauza matangazo.

Hatua ya pili: okoa usiku na asubuhi

Hapa ndipo vita vyenyewe vilipo. Mega za intaneti za usiku ni bei nafuu, kwa hiyo kijana anasubiri saa sita ya usiku ili aanze. Baba anasema anatafuta habari za mapigano, na saa nane bado anashusha kidole. Asubuhi wote wawili wanaamka na macho mekundu, na sala ya familia inakuwa Salamu Maria moja ya haraka mlangoni.

Najua pingamizi lako: siwezi kuzima, hali ya usalama si nzuri. Ni kweli, usizime. Fanya hivi.

Ingia Paramètres, kisha Son (sauti), kisha Ne pas déranger (usinisumbue). Kwenye Appels (simu) chagua contacts favoris (majina yenye nyota) peke yake. Nenda kwenye orodha ya majina, uwatie nyota watu wanaoweza kukuita kwa jambo la kweli: wazazi, watoto, jirani wa karibu, chef wa avenue (kiongozi wa mtaa), padri wa parokia. Ruhusu pia appelants récurrents (wanaopiga tena), ili mtu anayekupigia mara mbili ndani ya dakika 15 asikike. Kisha funga data. Simu na SMS zitaendelea kuingia. Risasi zikilia Panzi au Bagira, anayekupenda hatakuandikia kwenye TikTok. Atakupigia.

Chagua saa ya kufunga data, iwe moja kwa nyumba nzima. Saa tatu ya usiku inafaa kwa familia nyingi. Telefone zote zinalala sebuleni, baba na mama wakitangulia, kwa sababu amri isiyomhusu mzazi haidumu hata siku tatu. Na umeme? Sote tunaijua Snel, kampuni ya umeme, tunajua umeme unavyoweza kurudi saa saba ya usiku. Basi acha telefone zimeunganishwa na chaja tangu jioni, umeme ukirudi zichaji zenyewe bila mtu kuamka. Kwa kuamka asubuhi, nunua saa ndogo ya kengele sokoni Kadutu au Nyawera. Anayetumia kengele ya telefone aiache hukohuko sebuleni, itamlazimu atoke kitandani.

Asubuhi data ibaki imefungwa mpaka sala iishe. Sala yenyewe isiwe ndefu kupita nguvu zako: ishara ya msalaba, zaburi moja, injili ya siku, kimya cha dakika tano, maombi kwa majina ya watu. Kimya hicho kitakuuma siku za kwanza. Mawazo yatakimbilia kundi la WhatsApp, vidole vitatafuta kitu cha kushika. Shika rozari. Zaburi ya 46 inasema, “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu,” na wengi wetu tumesahau hata namna ya kuacha.

Kuhusu Biblia iliyo ndani ya telefone: ni msaada mkubwa kwa asiye na nyingine. Lakini kama unaweza kununua ya karatasi, nunua. Kama huwezi, weka mode avion (hali ya ndege, inayokata mtandao) kabla ya kufungua, nyumbani na kanisani. Nimeona watu wakianza na somo la kwanza na kufika kwenye picha za arusi za watu kabla msomaji hajashuka kwenye mimbari.

Hatua ya tatu: vokali (ujumbe wa sauti), uvumi na chuki

Hili linanichoma kuliko yote, kwa sababu katika nchi yetu neno la uongo linaua.

Goma wanakumbuka. Mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na tarehe 29 tangazo la mlipuko wa volkano ya pili lilitolewa na kukanushwa siku hiyohiyo. Ikiwa tangazo la wakubwa linaweza kukosea namna hiyo, vokali ya mtu asiyejitaja jina ina thamani gani? Na tukirudi nyuma zaidi, majirani zetu wa Rwanda walisikia mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, jinsi redio RTLM ilivyowaita binadamu mende. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wawili kati ya waanzilishi wake mwaka 2003. Leo kila mmoja wetu ana redio mfukoni. Anayesambaza ujumbe unaoita kabila fulani nyoka anafanya kazi ileile, hata kama ameandika Amina mwishoni.

Amri iko wazi katika Kutoka 23:1: “Usivumishe habari za uongo.” Haisemi usizitunge tu. Inakataza kuzipeleka mbele.

Kabla ya kusambaza vokali, video au karatasi yenye muhuri, pitia maswali haya. Anayesema amejitaja jina na mahali alipo? Kuna mtu ninayemjua pale ninayeweza kumpigia sasa? Je, Radio Okapi imesema? Kwa volkano, Observatoire volcanologique ya Goma (kituo cha kuchunguza volkano) imesema? Kwa barua ya askofu, padri wa parokia anaijua? Mwisho, jiulize: nikimtumia huyu, atafanya nini nacho zaidi ya kuogopa au kuchukia? Jibu likikosekana, ujumbe unakufa kwako. Usiogope kuonekana hujui habari.

Tazama pia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp. Ina maana ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi tangu ulipotoka kwa mwandishi wake. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa isipokuwa kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Mishale hiyo ikuambie usimame. Na usiseme “lakini nimesikia sauti yake mwenyewe”, kwa kuwa siku hizi mashine inaweza kuiga sauti ya padri au ya kiongozi kutoka kwenye mahubiri mafupi yaliyorekodiwa.

Vipi kama aliyetuma ni mkubwa wako? Usimwaibishe mbele ya kundi. Mathayo 18:15 inatufundisha kwenda kwa ndugu wewe na yeye peke yenu. Mwandikie pembeni, kwa heshima na kwa lugha ya nyumbani: “Jambo yako Papa mudogo. Ile vokali ya asubui, nilipigia mutu wa Kavumu, anasema kuko salama. Tafazali uifute, Koko asiogope bure.” Mara nyingi atafuta. Asipofuta, umetimiza wajibu wako.

Kwa anayesimamia kundi la shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, au la kwaya: weka mpangilio ili wasimamizi peke yao watume matangazo, na ukatae siasa na kabila kwa sauti wazi tangu siku ya kwanza. Tena ingia Confidentialité (faragha), halafu Groupes (makundi), uchague mes contacts (watu wangu), usije ukaingizwa na mgeni kwenye makundi ya matusi. Sheria ya nchi nayo ipo: Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu habari za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Mimi ningependa tuache kwa kumwogopa Mungu kabla ya kuogopa hakimu.

Hatua ya nne: picha chafu

Niseme bila kuzunguka. Tunaishi katika mji ambamo hospitali ya Panzi, tangu 1999, inawatibu wanawake waliovunjwa na ubakaji. Mwanaume wa mji huu anayelala akitazama video za wanawake wanaodhalilishwa anaufundisha moyo wake kumwona mwanamke kwa jicho lilelile la aliyembaka. Haijalishi kwamba yuko peke yake chumbani. Zaburi ya 101 inasema, “Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu,” na aliyeimba hivyo alikuwa anazungumzia nyumba yake mwenyewe.

Upande wa telefone, kuanzia Android 9, andika DNS kwenye sehemu ya kutafuta juu ya Paramètres. Fungua DNS privé, chagua jina la mtoa huduma, uandike family.cloudflare-dns.com, anwani ya chujio la tovuti, na uhifadhi. Ni bure, na tovuti nyingi za uchafu hazitafunguka tena. Kwenye YouTube washa mode restreint (inayoficha video zisizofaa) na uzime lecture automatique (video kujiwasha zenyewe). Kwenye WhatsApp, chini ya Stockage et données (hifadhi na data), zima kupakua picha na video zenyewe. Utaokoa mega pia. Lakini ujue mipaka ya chujio hili: halioni kinachopita ndani ya WhatsApp wala Telegram, na anayetaka kulizunguka atalizunguka.

Kwa hiyo unahitaji mtu. Mchague mmoja wa jinsia yako, mwenye imani na mdomo mzito, umpe ruhusa ya kukuuliza kila wiki: umetazama? Swali hilo moja, bila mahubiri. Kisha nenda kwenye kitubio na uitaje dhambi kwa jina lake. Padri ameyasikia hayo, hatashangaa. Aliyeanguka mara nyingi asijiite mchafu asiyepona. Tabia iliyojengwa kwa miaka haivunjiki kwa novena moja.

Kwa wasichana na wavulana: usitume picha yako ya uchi kwa mtu yeyote, hata mchumba. Ikiwa umeshatuma na sasa mtu anakutisha, usimlipe. Anayelipa mara moja huombwa tena. Hifadhi ujumbe wake kama ushahidi, mzuie, na umwambie mzazi, padri au sista unayemwamini siku hiyohiyo. Mzazi utakayeambiwa, usipige kelele. Mtoto aliyekuja kwako ametoka mahali penye giza sana.

Hatua ya tano: wanaowinda pesa kwa jina la roho

Wako wa aina tatu. Wa kwanza ni nabii wa Facebook anayekuambia ameona jeneza katika ukoo wako, upande mbegu kwa M-Pesa au Airtel Money kabla ya saa sita ya usiku. Neema haiuzwi, na Mungu hana haraka ya namna hiyo. Sala ya kweli unaweza kuiomba kwa mtu anayeijua nyumba yako, ambaye pia unaweza kumwuliza maswali.

Wa pili ni yule anayekualika Illuminati na kukuahidi gari. Kwa kawaida ni mwizi anayetaka ada ya kujiandikisha, basi. Lakini kama moyoni ulikubali kuuza nafsi yako kwa utajiri, kukubali huko ni jambo zito. Rudia ahadi zako za ubatizo, uungame, umzuie mtu huyo. Usikimbilie mfukuza mapepo atakayekudai pesa nyingine.

Wa tatu ni pari za mpira. Vijana wetu wanauita mtaji. Ninachokiona mimi ni karo ya shule inayoyeyuka, na sala inayogeuka kuwa kumwomba Mungu bao la dakika ya mwisho. Hapo Mungu amekuwa mtumishi wa tiketi. Futa programu, futa akaunti, na wiki za kwanza mwombe mke au dada yako ashike namba ya siri ya pesa ya telefone. Mtazame mtoto wa Goma, mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika mpakani, akauawa. Alitangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa kijana kama wewe, katika mji wenye shida kama zetu, na aliona kwamba kuna pesa isiyofaa kuguswa.

Watoto

Mtoto wa shule ya msingi asiwe na telefone yake. Akitumia ya mzazi, iwe sebuleni, sauti ikisikika, kwa muda uliotajwa kabla ya kuanza. Kwa aliyeanza sekondari, Family Link ya Google inamwezesha mzazi kuidhinisha programu na kuweka saa za kulala. Ila kuongea naye kunashinda programu. Muulize ameona nini wiki hii kilichomtia hofu, kisha umsikilize mpaka amalize.

Hatua ya mwisho: funga ya telefone, na shirika

Chagua siku moja kwa wiki, Ijumaa au Jumapili, bila data tangu asubuhi hadi jioni. Inawezekana. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 mtandao ulikatwa nchi nzima kwa siku karibu 20. Ilikuwa dhuluma, na biashara za watu ziliumia. Lakini tulitembeleana, tukabisha hodi. Siku yako ya kufunga itumie hivyohivyo: nenda kwa mgonjwa, nenda kwa mjane wa avenue yenu, nenda kwenye mkutano wa shirika badala ya kusoma muhtasari wake kwenye kundi. Na Misa ya kwenye kioo iachwe kwa wagonjwa na waliofungiwa na vita. Papa Francis alilisema tarehe 17 Aprili 2020, katikati ya korona: hali ile ilikuwa ya kuvuka, si ya kukaa ndani yake, maana sakramenti na watu wa Mungu ni vitu vya kugusika.

Utaanguka, pengine wiki ya pili, usiku ambao usingizi umekataa. Ikitokea, usingoje Kwaresima wala mwaka mpya. Rudisha telefone sebuleni usiku huohuo, andika kwenye daftari saa na kilichokusukuma, na asubuhi umpigie yule mtu wako kabla ya kuwasha data.